Maji ya masika, miche ya kipupwe

Kila ifikapo Machi, simu yangu hujaa video za wakulima wa Ulaya wakisia mbegu kwenye vikopo dirishani. Wanafurahi, baridi inaisha na mwanga umerudi. Mwaka wangu wa kwanza Kigamboni niliwafuata. Nilisia nyanya, hoho na maua ya zinia katikati ya Machi, siku chache tu masika yakaanza. Miche ikapigwa na kinyausi: shina linaoza pale linapogusana na udongo, na asubuhi unakuta mistari mizima imelala chini. Sikupandikiza hata mche mmoja.

Sisi wa Dar es Salaam bustani yetu huamka Juni. Mwisho wa Mei mvua inapungua, na kwenye kipupwe usiku hushuka mpaka karibu nyuzi 20. Nyanya inalipenda joto hilo. Usiku ukizidi nyuzi 24 hivi, kama ilivyo Januari na Februari, maua yake hupukutika bila kushika tunda, na hakuna mbolea itakayokusaidia. Kwa hiyo sia mbegu za nyanya, hoho na biringanya wiki ya mwisho ya Mei, upandikize mwisho wa Juni. Mchicha, bamia na matembele hayana makuu, panda ukipata nafasi.

Ila tarehe peke yake haikuniokoa. Mwaka wa pili nilisia kwa wakati, mbegu zikaota vizuri, kisha majani yakaanza kuungua kwenye kingo kama yamepitishwa motoni. Nikadhani ni ugonjwa, nikanunua dawa kwenye duka la pembejeo, nikapuliza, wapi. Mzee mmoja anayelima mchicha mtaani kwetu alikuja, akaangalia udongo wangu, akaniuliza, “Mwanangu, haya maji umewahi kuyaonja?” Nikaonja. Ni maji ya kisima tunayofulia na kudekia kila siku, na yana chumvi. Juu ya udongo wa kitalu kulikuwa na utando mweupe ambao nilikuwa nauona bila kuufikiria.

Visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari viko hivyo, na mche mchanga hauwezi kuistahimili chumvi kama mmea uliokomaa. Tangu siku ile nakinga mvua ya masika. Pipa la lita 200 chini ya mfereji wa bati linanitosha kwa kitalu chote, maana kitalu kinakunywa kidogo sana, kopo moja asubuhi na moja jioni. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge. Na tafadhali sana, funika pipa kwa neti iliyobana kabisa. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na waliokuwa Dar mwaka 2019 hawahitaji kusimuliwa homa ile.

Miche ikishahamia kwenye tuta naendelea na maji ya kisima, lakini kwa akili. Namwagilia kwa wingi mara moja, siyo kunyunyiza kidogo kidogo, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi; mchanga wetu unapitisha maji haraka, hapo unatusaidia. Maharage mabichi na hoho nimeyaachia maji ya mvua peke yake. Spinachi yetu ya sokoni ile ya majani mapana ni ndugu wa bitiruti, na chumvi haiisumbui sana. Kama kisima chako ni kikali, anza na hiyo.

Udongo wa kitalu nachanganya sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga wa mtoni. Usichukue mchanga wa ufukweni. Mbolea ya kuku mbichi usiiguse, inaunguza. Iache ioze angalau miezi miwili. Mbegu ifukie kwa kina cha mara mbili ya unene wake, juu weka kichanja cha makuti. Wiki ya mwisho kabla ya kupandikiza, punguza makuti kidogo kila siku ili miche izoee jua. Pandikiza jioni, kisha tandaza majani makavu, kwa sababu upepo wa kusi unakausha udongo hata siku isiyo na jua.

Maua nayapa nafasi yake kamili, siyo kona iliyobaki. Zinia haipendi kuhamishwa, sia palepale itakapokaa. Marigoldi nayo huipanda pale ambapo nyanya za mwaka jana zilikuwa na vinundu mizizini, dalili ya minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni ambayo ua hili huipunguza. Lakini lazima ijaze tuta zima kwa msimu mzima. Vichaka viwili vya pembeni ni pambo tu.

Ukisia zinia mwanzoni mwa Juni, Agosti unakata maua ya mezani. Acha vichwa vichache vikaukie kwenye shina mpaka viwe vya kahawia, vivunje, mbegu zitie kwenye bahasha ya karatasi uandike mwezi. Zangu za sasa ni kizazi cha nne, na pipa limejaa tangu juzi.