Spidi kwenye barafu inaanzia magotini

Mkuu, umesema kwenye hoki ya barafu unasukuma kwa nguvu zote na bado wenzako wanakupita, mi naona shida ni magoti sio nguvu. Kunja goti mpaka lizidi ncha ya kiatu, kifua juu, alafu sukuma mguu kwa pembeni, sio nyuma, kwa makali ya ndani ya bledi (kile chuma cha chini ya kiatu), unyooshe kabisa mpaka vidole ndo vimalizie msukumo, na hapa ndo wengi wanaharibu: mguu ukimaliza lazima urudi chini ya mwili kabla hujasukuma tena, ukiuacha nje hatua inakua fupi. Hatua fupi za harakaharaka ni za kuanzia tu, vidole vikitazama nje. Na bledi zinoe aisee, zikiwa butu mguu unateleza.