Wayaaku hawakukatazwa lugha yao
Ndugu, umeuliza kama lugha ndogo hufa pale tu serikali inapoipiga marufuku. Hapana. Watazame Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, nchini Kenya. Walikuwa wawindaji na warina asali, na mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuoana na majirani wafugaji, ambao mahari yao ni ng'ombe. Mifugo ikaingia, Kimaasai kikaja nayo. Wazazi waliojua lugha zote mbili wakawalea watoto kwa Kimaasai, maana asiye na ng'ombe alidharauliwa. Leo Kiyaaku kimebaki kwa wazee wachache mno. Kinachoniuma zaidi ni maneno ya nyuki na miti ya msitu ule. Wazee hao warekodiwe sasa, wangali wanakumbuka.