Vitz na petroli ya premium

Ndugu yangu, umeuliza kama Vitz yako itaongeza nguvu na kupunguza kunywa mafuta ukihamia petroli ya premium. Hapana. Baki na ya kawaida.

Namba ya oktani, ambayo kwenye premium ni kubwa zaidi, haipimi nguvu ya mafuta. Inapima uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo ndani ya silinda bila kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini ya turbo (yenye feni inayosukuma hewa zaidi kwenye silinda) au yenye mgandamizo mkubwa inahitaji uvumilivu huo. Hiyo yako haina haja nao. Kule Japani petroli ya kawaida huanzia oktani 89 na premium 96, na Vitz ya kawaida iliundwa kwa ile ya chini.

Ungekuwa na Subaru Forester ya turbo ningekujibu tofauti kabisa. Hiyo usiibanie! Ukiipa oktani ndogo injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanajiwasha ovyo, sensa inahisi, kompyuta inachelewesha cheche: gari linakuwa zito, linakunywa zaidi, na ukilikamua mlimani na mzigo unaweza hata kuua pistoni.

Kwa gari lolote, fungua kifuniko cha mafuta usome kibandiko. Kikiwa cha Kijapani, kipige picha ukitafsiri kwa simu. Kitabu cha gari nacho kinaeleza.

Hela utakayookoa sheli nunua filta ya hewa na plagi mpya, na upime upepo wa matairi. Hapo utaona tofauti kwenye geji.