Wadudu wangapi, daktari?

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtoto ameandika kwenye jaribio la Sayansi kuwa buibui ni mdudu, mwalimu akamkosesha, je, linapokuja suala la kuwapanga viumbe, nani mwenye neno la mwisho, mwalimu, mvuvi, mpishi au daktari?

Mimi si daktari, ingawa naitwa hivyo tangu saa mbili asubuhi hadi nafunga mlango. Nakaa nyuma ya kidirisha cha maabara katika zahanati moja huku Mbagala, nachoma watu vidole na kuchungulia hadubini. Neno "mdudu" nalitumia kazini kuliko ninavyotumia glavu. Nadhani nina la kusema.

Tumalizane na mwalimu kwanza. Kwa mtihani yuko sawa: mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, buibui ana miguu minane na sehemu mbili. Haya. Lakini neno lenyewe hakulitunga yeye. Bibi yangu aliposema "kuna mdudu kaniuma", hakuwa amehesabu miguu. Mdudu wake alikuwa tandu, nge, kupe, kiwavi, chawa, funza, hata mnyoo wa tumboni asiye na mguu hata mmoja. Wakubwa wenzangu watakumbuka kwamba na sisi wenyewe tulianza shule darasa la vidudu, na hakuna aliyetukagua miguu mlangoni. Walioandika vitabu vya shule walihitaji jina la kundi moja la viumbe, wakaliona neno letu limekaa karibu, wakalichukua na kulipunguza mpaka likabaki na miguu sita. Sina ugomvi na hilo, kila fani hukopa maneno. Ninachokikataa ni mkopaji kurudi nyumbani kwa mwenye mali na kumwambia hajui kuitumia.

Tena hao wataalamu wenyewe hawakuanzia hapo. Carl Linnaeus, Mswidi anayehesabiwa kuwa baba wa upangaji wa viumbe, katika toleo la kitabu chake la mwaka 1758, ndilo ambalo majina ya kisayansi ya wanyama yanaanza kuhesabiwa kwalo, alimweka buibui ndani ya kundi la wadudu. Na nge. Na tandu. Na kaa na kamba wa baharini pia! Ndiyo, kamba unayemla na wali wa nazi, kwa Linnaeus alikuwa mdudu asiye na mbawa. Ni Mfaransa Lamarck aliyekuja mwaka 1801 na kuwatenganisha: wadudu huku, jamii ya buibui kule, jamii ya kaa na kamba peke yao. Kwa hiyo yule mtoto aliyekosa alama amekosea pamoja na Linnaeus. Si mahali pabaya pa kukosea.

Kamba ndiye aliyenifanya nianze kuyafikiria mambo haya, kabla hata ya swali lenu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu wa Bukoba. Alipokuja kwetu mara ya kwanza nikasema nimfanyie heshima: nikaamka alfajiri, nikaenda Feri, nikarudi na kamba wakubwa, mke wangu akawaunga kwa tui zito. Bakuli lilipofunuliwa shemeji akavuta kiti nyuma. Zile ndevu, yale macho meusi yaliyochomoza kama vichwa vya pini, miguu imejikunja chini ya tumbo.

"Shemeji, haya madudu mnayalaje?"

Nikamwonyesha mfuko aliokuja nao mwenyewe, uko pale juu ya kabati, senene wa kukaanga, wameng'olewa mbawa na miguu, wana rangi ya dhahabu iliyoungua kidogo. Kama kuna kiumbe anayestahili kuitwa mdudu na mwalimu, na mpishi, na kila mtu, ni senene, ndugu yake panzi.

"Senene si mdudu," akasema, na wala hakuwa anatania. "Senene ni senene."

Nilicheka siku hiyo. Siku hizi naona alikuwa na hoja. Kwake yeye neno "mdudu" limebeba hukumu ndani yake: ni kile kisichofaa mdomoni. Kikishafaa, kinapata jina lake na kutoka kundini. Mimi mtu wa pwani nafanya vilevile kwa kamba, ila sijawahi kujisikia nikifanya. Kisha wataalamu wa siku hizi, wanaopanga viumbe kwa kusoma vinasaba, wametuharibia ubishi kabisa. Wamegundua kwamba wadudu wa miguu sita ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo wa kaa na kamba. Maana yake senene ana undugu wa karibu zaidi na kamba kuliko alionao na buibui. Shemeji alikuwa anamkimbia binamu wa senene wake! Nimemweleza. Kamba hajala mpaka leo.

Nikiwa bado Feri: ukitaka kuona mipango mingapi inaweza kukaa juu ya meza moja bila kugombana, nenda pale asubuhi. Niliwahi kusimama nyuma ya mteja aliyekuwa anakwaruza ubavu wa kila samaki kwa ukucha wa kidole gumba, kinyumenyume, kutoka mkiani kwenda kichwani, kisha anautazama ukucha. Nilidhani anapima kama samaki ni mbichi. Akanieleza mwenyewe kuwa wao ni Ithnaasheri, Waislamu wa Kishia, samaki asiye na magamba haingii jikoni kwao. Pweza na kaa hawali, ila kamba wanaruhusiwa. Jirani yake, Msunni wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa pwani hii, alikuwa tayari ameshapakia pweza na ngisi. Na wanazuoni wa Hanafi, ambao kwao cha baharini kinachoruhusiwa ni samaki tu, wamebishana siku nyingi kama kamba ni samaki au si samaki. Muuzaji yeye anawapanga kwa bei. Hakuna hata mmoja aliyemwita mtaalamu wa viumbe aje kuamua, na biashara ilikwenda.

Na dagaa je? Dagaa wa Mwanza ni jamaa wa ningu, dagaa wa Kigoma ni jamaa wa sadini, na wale dagaa mchele wa baharini kwetu wana ukoo wao mwingine. Wamekutana kwenye jina kwa sababu wote ni wadogo, wanaanikwa, na wanapimwa kwa kopo. Sufuria halikuona tofauti, na mimi sioni kosa la sufuria.

Sasa nirudi kidirishani, maana huku ndiko neno linakonibana.

Mgonjwa wa Dar es Salaam hasemi ana vimelea vya malaria. Anasema ana wadudu, na swali lake la kwanza ni "wangapi?" Tukitumia kipimo cha haraka namwambia kinaonyesha mistari tu, hakihesabu, naye ananitazama kama fundi aliyeshindwa kusoma mita. Tukitumia hadubini tunahesabu. Natandaza tone nene la damu kwenye kioo, nalipaka rangi ya Giemsa, naweka mafuta, nashusha lenzi. Wanaonekana kama pete ndogo za samawati zenye kijiwe chekundu. Tuseme nimehesabu chembe nyeupe 500 na katika safari hiyo nimekutana na vimelea 5. Mgonjwa akisikia atakwenda nyumbani na kusema "nimekutwa na wadudu watano", na jirani atampa pole kidogo, kwani yeye wiki iliyopita alikuwa na kumi. Lakini hesabu yetu huchukulia kwamba kila maikrolita ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ina chembe nyeupe 8,000. Kwa hiyo 5 kwa 500 ni vimelea 80 katika maikrolita moja, na mtu mzima ana lita kama tano za damu. Ukizidisha unapata milioni 400. Wadudu watano!

Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyewaona kwa mara ya kwanza huko Algeria mwaka 1880, alikuwa na kazi ya kuwashawishi wenzake kwamba ni viumbe hai. Wagonjwa wangu hawahitaji kushawishiwa. Sikilizeni sarufi yao: wadudu wa malaria wameingia, wamepanda, wamejificha. Sasa soma bango lililobandikwa ukutani nyuma ya kichwa changu: "vimelea vya malaria vinaingia." Kiswahili kina ngeli zake (na vitabu vya biolojia navyo vimelichukua neno hilohilo, ngeli, kupangia viumbe), na chenye uhai hupewa upatanisho wake hata kama umbo la jina ni la kitu. Kiboko akiwa mtoni ni "huyu". Kiboko cha kumchapia mtu ni "hiki". Kwa kipimo hicho bango limewahesabu vimelea pamoja na vijiko, na mgonjwa amewahesabu pamoja na wanyama. Kwenye suala la uhai, mgonjwa kamshinda mwandishi wa bango.

Virusi nao tunawaita "hivi". Hapo lugha imebahatisha vizuri, kwa kuwa wanasayansi wenyewe hawajakubaliana kama kirusi kinastahili kuitwa hai. (Mimi nimeandika "nao" na "tunawaita" hapo juu kisha nikaandika "kinastahili". Acheni hivyohivyo, mhariri asisahihishe.)

Ila huyo mdudu wa malaria si mnyama pia. Ndani yake kuna kiungo kidogo sana, masalia ya kile kinachofanya jani liwe kijani, alichorithi kwa babu wa zamani aliyemeza mwani. Hakimfanyi awe mmea. Si mnyama, si mmea. Ningependa kumwona mwalimu wenu akimsahihisha huyo.

Mpaka hapa mtaona nimekaa upande wa mtaani. Sasa niseme lililonifika. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alileta mtoto wa miaka miwili, anachemka. Nikampima malaria, mstari ukatoka mmoja. Nikatoa kichwa kidirishani nikamwambia, "Mama, hakuna wadudu." Nikampa na kikopo, kwa sababu aliyemwona ndani alikuwa ameandika apimwe na mkojo. Mama akashukuru, akakitia kikopo kwenye mkoba, akambeba mwanawe mgongoni na kuondoka. Nilidhani ameenda chooni. Alirudi baada ya siku tatu, mtoto macho yamezama. Safari hii mkojo tuliuchukua: umejaa bakteria. Alitibiwa akapona, namshukuru Mungu, lakini yule mama alinisimamia pale mbele ya foleni nzima.

"Si ulisema hana wadudu?"

Ningemjibu nini? Kwa Kiswahili chake, ambacho ndicho cha bibi yangu, nilikuwa nimemwambia mtoto ni msafi, hana kitu chochote kidogo kinachomla kwa ndani. Nani apoteze muda na kikopo? Mimi nilitoa jibu la maabara kwa neno la nyumbani. Na si mimi peke yangu. Nenda duka la dawa usikie mtu mwenye mafua anavyoomba "dawa ya kuua wadudu". Anapewa antibayotiki, na anameza siku tatu dawa ambayo kirusi haikigusi hata kidogo. Neno limemeza malaria, bakteria, virusi na minyoo, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Kwa hiyo wa nyumbani kwangu akiandika buibui ni mdudu nitamwambia amwandikie mwalimu miguu minane apate alama zake, kisha jioni akimwona ukutani aseme "baba, kuna mdudu", nami nitachukua kandambili bila kumsahihisha. Ila kidirishani nimebadilika. Siku hizi nasema sentensi nzima, hata foleni ikinung'unika: "Hakuna wadudu wa malaria. Wadudu wengine bado hatujawatafuta."

Juzi mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaikunja risiti yake mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Sasa mwanangu, hao wengine si muwatafute tu? Hela nimeshalipa."