Maswali ya wasaidizi wa walimu, Lamu na Malindi

*Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne, nakaa Langoni. TSC (Tume ya Huduma za Walimu) yaweza kuniajiri niwe msaidizi katika kitengo cha watoto wenye ulemavu?*

Marahaba mwanangu. TSC huajiri walimu waliosomea ualimu na kusajiliwa. Wasaidizi wengi huchukuliwa na bodi ya shule au na wazazi wenyewe, kwa hivyo muone mwalimu mkuu. Ukiipenda kazi, ulizia kozi za KISE kule Kasarani, Nairobi, chuo cha elimu maalum tangu 1986.

*Mtoto ninayemsaidia darasani ana usonji (autism). Kengele ya mapumziko ikilia hupiga mayowe na kujitupa chini.* (Malindi)

Mlio wa ghafla huwaumiza kweli watoto wengine wenye usonji, si utundu. Mtoe nje kabla ya kengele, mkae mbali nayo. Mchoree ratiba: daftari, kikombe cha uji, uwanja. Ibandike mezani pake, na kila jambo likiisha aing'oe picha yake aitie mkebeni. Akishaanza kulia, punguza maneno, waondoe wenzake, usimshike ila akiwa hatarini. Kisha andika daftarini saa na kilichotangulia. Daftari hilo laweza kukuonyesha kwamba tatizo ni njaa au joto la darasa, wala si kengele.

*Namlisha mvulana wa miaka minane mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy, viungo havimtii vizuri). Mamake ataka ale mwenyewe, lakini anamwaga sana.* (Mokowe)

Mamake ana haki, na namuunga mkono kwa moyo wote. Ukimlisha wewe kila siku, atamaliza shule akingoja mkono wa mtu. Muweke wima, nyayo zikanyage kitu, kichwa kisilale nyuma, maana chakula chaweza kumpalia. Funga kitambaa kwenye mpini wa kijiko uwe mnene, bakuli likae juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Mshike mkono mpaka kijiko kikaribie mdomo, hapo umwachie amalizie. Akizoea, mwachie mapema zaidi. Uji ukimwagika, pangusa mwendelee.

*Mimi ni mwanamume, nimeambiwa nimpeleke msalani msichana wa miaka kumi na mitatu na kumbadilisha nguo.* (Shela)

Usikubali. Muone mwalimu mkuu leo, atafutwe mwanamke, na wazazi wa msichana waelezwe ni nani atakayemhudumia.