Namba 50 zimepotelea wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimejifunza mwenyewe Clojure, lugha ya kuandikia programu, na nimeandika programu ya kuwatumia ujumbe wa simu wanachama 250 wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Huduma ya kutuma inapokea namba 100 kwa mkupuo, kwa hiyo orodha nikaikata kwa amri ya partition. Watu 200 walipata taarifa ya mkutano, 50 hawakupata, na programu haikuonyesha kosa lolote. Namba zote nimezikagua, ni nzima. Tatizo ni nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Tatizo ni hiyo partition: hutoa mafungu yaliyotimia tu. Imekata 100 za kwanza, ikakata 100 za pili, ilipofika kwenye zile 50 ikakuta fungu halijatimia, ikaliacha. Haikulalamika kwa sababu ndivyo ilivyoundwa. Andika hivi:

(partition-all 100 namba)

Utapata mafungu matatu, la mwisho likiwa na 50.

Usije ukaichukia partition, maana ipo kazi ambayo fungu pungufu huiharibu. Chukua usomaji wa mita ya maji kwa miezi mitatu: 410, 425, 433. Ukiandika

(partition 2 1 [410 425 433])

ile 1 ni hatua ya kusogea, nawe unapata jozi (410 425) na (425 433). Toa ya kwanza kwenye ya pili: matumizi ni uniti 15, kisha 8. Ungetumia partition-all hapo, mwishoni ingebaki (433) peke yake, isiyo na mwenzake wa kutolewa. Mimi nashikilia hivi: penye watu au fedha, anza na partition-all. Mwanachama asiyejua kuna mkutano amenyimwa haki yake.

Najua utataka pia kuwagawa kwa matawi. Hapo partition-by itakusumbua, kwa sababu hukata kila thamani inapobadilika kutoka kwa ile iliyotangulia. Kama Kihonda na Mazimbu wamechanganyika kwenye orodha, Kihonda itajitokeza mara nyingi. Tumia group-by, inayowakusanya wote wa tawi moja pamoja hata kama wametawanyika.

Tena, kutuma usitumie map. Map huahirisha kazi mpaka matokeo yake yahitajiwe, na yasipohitajiwa hakuna kinachotumwa. Tumia run!, inayofanya kazi papo hapo. Kabla ya kutuma, hakikisha jumla ya namba zilizo kwenye mafungu (yale uliyopata kwa partition-all) inalingana na orodha:

(= (count namba) (reduce + (map count mafungu)))

Ikijibu false, simamisha kila kitu.

Wale 50 watumie leo, bila kuwarudia wote. (drop 200 namba) inakupa hao tu, mradi orodha haijapangwa upya wala kuongezwa mtu tangu siku ile.