Mbao mbili kwenye sinia moja: kwa wanagenzi wapya

Wadogo zangu, jana nimemkuta mmoja wenu anapaka gundi ubao wa mvule uliotoka Ndeeba, soko la mbao la Kampala, asubuhi ile ile. Ukiugusa, bado una ubaridi wa maji. Mna mikono mizuri na nawapenda, lakini kosa hili nimechoka kuliona.

1. Kausheni. Muuzaji akisema mbao ni kavu, ana maana zinafaa kwa paa. Pima ubao kwenye mizani kila wiki, andika uzito kwa penseli juu yake, na usiuguse kwa patasi mpaka uzito uache kushuka. Vichwa vya ubao vipake nta kwanza, maana maji hukimbilia kutoka huko na ndiko nyufa huanzia.

2. Tazameni nyuzi zinakolala. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu lilinitokea mwenyewe na bado linaniuma. Familia moja iliagiza sinia kubwa la matoke kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ya binti yao. Nikalichonga kwa umbo la mtumbwi, tumbo la mvule na ukingo wa mpingo kuzunguka pande zote, kona zimekatwa mshazari zikabana sawasawa. Ilikuwa Aprili, mvua haikatiki. Ule ukingo niliugandisha kwa gundi kila upande, nikaona nimefanya kazi ya nguvu. Sherehe ikapita, kiangazi cha Juni kikaingia. Mama wa bibi harusi akalirudisha limefungwa kwenye kitenge. Hakugomba. Alilifungua tu mezani, akanionyesha ufa uliopita katikati ya tumbo, kutoka ncha hadi ncha, na kona mbili zimeachia.

Mbao ikikauka hunywea kwa upana. Kwa urefu karibu haisogei. Tumbo lilitaka kupungua, ukingo ukalikatalia, na kwa kuwa gundi haikuachia, ikabidi mvule upasuke. Na ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo hucheza karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini, kwa hiyo hata aina moja ya mti haitabiriki mpaka uangalie kichwa chake. Tangu siku hiyo tumbo pana linakaa ndani ya mfuo uliochimbwa kwenye ukingo, halina gundi, lina nafasi ya kupumua. Ukitaka kuunganisha rangi mbili kwa gundi, zipange vipande vyembamba, nyuzi zote zikielekea upande mmoja. Nilimtengenezea mama yule lingine, bila malipo.

3. Rangi. Ubao wa mfenesi ukirandwa leo ni manjano tupu, unapendeza sana kando ya mvule. Mwanga ukiupiga hugeuka kahawia, na mvule nao huiva, na baada ya muda zinafanana kama ndugu. Tofauti inayodumu ni ya mpingo na mti wa rangi hafifu kama mwembe. Mpingo wenyewe una tabaka jeupe chini ya gome linalokutana na kiini cheusi. Mnalikata na kulitupa, nami nalia.

4. Gundi. Mpingo una mafuta. Ufute kwa spiriti kabla ya kuunganisha, na msikaze klampu kupita kiasi, gundi yote ikatoka nje.

5. Vumbi. Msipige msasa mpingo na mwembe kwa pamoja: unga mweusi utaingia kwenye matundu ya mwembe na hautoki. Kwangua kwa bapa la chuma, ukifuata nyuzi. Na barakoa ivaliwe! Vumbi la mvule hukera kifua na ngozi, wala halijali umri wenu.

6. Mafuta ya kupaka sinia. Ya kupikia huchacha, likanuka. Yeyusha nta ya nyuki pamoja na parafini laini ya duka la dawa (si mafuta ya taa), ndani ya sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Kabla ya kupaka, lilowanishe sinia kwa kitambaa, liache likauke, nyuzi zitasimama. Zipige msasa laini, rudia mpaka zisisimame tena, ndipo upake.